Kupima Utendaji wa Diski Kuu na Muda wa Kuwaka kwa Kompyuta: Maelezo kwa Mtafiti wa Nyanjani, kwa Mfano wa Wamunyu, Machakos

1. Utangulizi

Wamunyu ni mji mdogo ulioko kando ya barabara itokayo Machakos kwenda Kitui, mbele ya Masii. Jina lake limevuma mbali kuliko ukubwa wake kwa sababu ya vinyago. Masimulizi ya chimbuko la sanaa hiyo humtaja Mutisya Munge, mwenyeji wa Wamunyu, aliyejifunza kuchonga vinyago alipokuwa Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, kisha akarejea nyumbani na ujuzi huo. Kutoka kwake ujuzi ulienea kwa jamaa na majirani, ukawa kazi ya kijiji na hatimaye ya eneo zima, na baadaye wachongaji wakaunda chama chao cha ushirika.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, mahali kama hapo ni ghala. Pana majina ya miti na zana, pana masimulizi ya wazee, pana nyimbo na utani wa kazini, na pana mipaka ambapo Kikamba na Kiswahili hupokezana maneno kila siku. Zamani mtafiti alirudi chuoni na madaftari na kanda. Siku hizi anarudi na faili za sauti na picha, na mara nyingi faili hizo hulala katika diski kuu ya kompyuta iliyonunuliwa ikiwa imekwishatumika na mtu mwingine. Kompyuta ikisitasita kuwaka, mwenyewe hulalamika kwamba “mashine ni nzito”, hungoja, na kuendelea na kazi. Siku moja haiwaki tena. Daftari lililolowa maji huweza kuanikwa likasomeka, lakini simulizi iliyopotea ndani ya diski iliyokufa pengine haiwezi kurudiwa, kwa kuwa mzee aliyeitoa huenda naye ameshatutoka duniani.

Makala haya yanakusudia kueleza mambo matatu: utendaji wa diski kuu hupimwaje, muda wa kuwaka kwa kompyuta hupimwaje, na vipimo hivyo vinamwambia nini mtu mwenye fedha kidogo na data isiyo na mbadala. Hatimaye yatagusa suala la istilahi, kwa kuwa sehemu ya utata katika upimaji huu haitoki katika mashine bali katika lugha.

2. Diski Kuu na Viungo Vyake

Diski kuu, ambayo wengine huiita diski ngumu, ni kisanduku kilichofungwa chenye sahani moja au zaidi zinazozungushwa na mota. Uso wa kila sahani umepakwa utando wa sumaku. Juu ya uso huo huelea kichwa cha kusomea na kuandikia kilichobebwa na mkono unaokwenda ndani na nje. Data hupangwa katika njia za duara, na kila njia hugawanywa katika vipande viitwavyo sekta. Kichwa hakigusi sahani. Hushikiliwa juu yake na mto mwembamba wa hewa inayosukumwa na mzunguko wenyewe, na umbali kati yao hupimwa kwa nanomita.

Chombo cha kwanza cha aina hii kuuzwa kilitangazwa na kampuni ya IBM mwaka 1956 kwa jina la RAMAC. Kilikuwa na sahani 50, kila moja yenye upana wa inchi 24, zilizozunguka mara 1,200 kwa dakika. Kiliweza kuhifadhi herufi milioni 5 hivi, na kuifikia herufi yoyote kulichukua kwa wastani karibu milisekunde 600. Tangu hapo ujazo umeongezeka kwa mamilioni ya mara. Muda wa kufikia data haukupungua kwa kiwango hicho hata kidogo: diski ya kawaida ya mezani hutumia takriban milisekunde 13. Kwa hesabu hiyo, ujazo umekimbia huku mkono na sahani vikitembea. Tofauti hii ndiyo msingi wa kila kipimo kitakachoelezwa hapa chini.

3. “Kasi” ni Neno Moja, Vipimo ni Vitatu

Muuzaji anaposema kwamba diski “ina kasi”, huwa hajasema jambo linaloweza kupimwa mpaka aulizwe: kasi ya nini? Kuna angalau mambo matatu tofauti.

Kwanza ni muda wa kutafuta, yaani muda ambao mkono hutumia kutoka njia moja hadi nyingine. Kuhamia njia ya jirani huchukua takriban milisekunde 1. Kutoka ukingo wa ndani hadi wa nje huweza kuchukua milisekunde 20. Kipimo kinachotangazwa ni wastani wa safari nyingi zisizo na mpangilio. Kihisabati, sehemu mbili zikichaguliwa bila mpango katika mstari mmoja, umbali wa wastani kati yao ni thuluthi moja ya mstari huo. Ndiyo maana wastani huo huwa karibu zaidi na safari fupi kuliko ndefu. Kwa diski nyingi za mezani ni takriban milisekunde 9, na kwa diski za kompyuta za mkononi takriban 12.

Pili ni muda wa kungoja mzunguko. Mkono ukishafika kwenye njia inayotakiwa, sekta inayotafutwa huenda imepita sasa hivi au iko karibu kufika. Kwa wastani kichwa hungoja nusu ya mzunguko. Hesabu yake ni rahisi: diski inayozunguka mara 7,200 kwa dakika humaliza mzunguko mmoja kwa milisekunde 8.33, hivyo wastani wa kungoja ni 4.17. Ile ya mizunguko 5,400 hungoja 5.56, na ile ya 15,000, iliyotengenezwa kwa ajili ya seva, hungoja 2 tu. Kipimo hiki hakiwezi kuboreshwa kwa programu yoyote. Kimefungwa na mota.

Tatu ni kiwango cha mtiririko, yaani kiasi cha data kinachopita kwa sekunde pale kichwa kinaposoma mfululizo bila kuhama. Diski za mezani za katikati ya miaka ya 2000 zilitoa takriban megabaiti 50 hadi 70 kwa sekunde. Hata hivyo kiwango hiki si kimoja katika diski nzima. Njia za nje ni ndefu kuliko za ndani, kwa hiyo hupewa sekta nyingi zaidi, na kwa kuwa sahani huzunguka kwa mwendo uleule, data nyingi zaidi hupita chini ya kichwa kwa kila mzunguko. Kwa kawaida ukingo wa nje hutoa karibu maradufu ya ukingo wa ndani. Diski inayojazwa kuanzia nje kwenda ndani huonekana kuzeeka kwa sababu hiyo hata kabla haijaharibika.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha uzito wa tofauti hizi. Ikiwa diski inahitaji milisekunde 9 za kutafuta na 4.17 za kungoja, basi kila ombi la mahali pasipo na mpangilio hugharimu takriban milisekunde 13.2. Katika sekunde moja itatimiza maombi 76 hivi. Kila ombi likileta kilobaiti 4, jumla ni takriban kilobaiti 300 kwa sekunde. Diski hiyohiyo ikisoma mfululizo hutoa megabaiti 60, yaani mara 200 zaidi. Zote mbili ni “kasi” ya diski moja, na muuzaji atachagua kutangaza ile inayomfaa.

4. Kupima Bila Kudanganywa

Programu za kupima diski zimekuwapo kwa miaka mingi. Katika Linaksi, amri ya hdparm hutumika sana kwa kipimo cha haraka: chaguo la -T hupima usomaji kutoka kumbukumbu ya kompyuta, na chaguo la -t hupima usomaji mfululizo kutoka diski yenyewe. Programu ya fio, iliyoandikwa na Jens Axboe, humruhusu mpimaji kuamua ukubwa wa ombi, mpangilio wake na idadi ya maombi yanayongoja. Kwa upande wa Windows, HD Tune huchora mstari unaoshuka kutoka ukingo wa nje hadi wa ndani, na mstari huo humfundisha msomaji zaidi ya nambari moja iliyozungushiwa duara.

Hata hivyo, programu nzuri katika mkono usiojua hutoa jibu baya. Mitego mikubwa ni minne.

Mtego wa kwanza ni kumbukumbu ya akiba. Mfumo wa uendeshaji hukumbuka faili iliyosomwa karibuni, na diski yenyewe ina akiba yake ndogo. Faili ikisomwa mara ya pili huenda isitoke kwenye sahani kabisa. Kwa hiyo kipimo kinachodai megabaiti elfu kwa sekunde kutoka diski ya sahani kimepima kumbukumbu. Dawa yake ni kutumia faili kubwa kuliko kumbukumbu ya kompyuta, kuzima na kuwasha kabla ya kupima, au kuiagiza programu ipite kando ya akiba.

Mtego wa pili ni kuchanganya bomba na maji. Kiunganishi cha SATA cha kizazi cha kwanza, kilichoingia sokoni mwaka 2003, kinaweza kupitisha megabaiti 150 kwa sekunde, na kizazi cha pili 300. Nambari hizo ni upana wa bomba, wala hazisemi ni maji kiasi gani yanayotoka kisimani. Diski inayosoma megabaiti 60 haitasoma 120 kwa kuwekewa bomba pana maradufu.

Mtego wa tatu ni vizio. Watengenezaji wa diski huhesabu gigabaiti kuwa baiti 1,000,000,000, ilhali Windows hugawanya kwa 1,073,741,824 na bado huandika jina lilelile. Ndiyo maana diski ya gigabaiti 500 huonekana kama 465. Hakuna aliyeiba chochote; majina mawili yalistahili kuwapo, na tangu mwaka 1998 shirika la viwango la IEC limeyatenga, ingawa wengi hawayatumii. Anayelinganisha vipimo viwili hana budi kuhakikisha kwamba vimetumia kizio kimoja.

Mtego wa nne ni kupima mara moja. Kompyuta hufanya kazi nyingi nyuma ya pazia, kama vile kukagua virusi, kupanga faharasa na kupakua masahihisho ya programu. Kipimo kimoja ni tukio. Vipimo vitano ndivyo vinavyoanza kuwa ushahidi.

5. Muda wa Kuwaka

Muda wa kuwaka unaonekana kuwa kipimo rahisi kuliko vyote, kwa kuwa kinahitaji saa tu. Ugumu wake uko katika swali hili: kompyuta imewaka lini? Je, ni pale kioo kinapotoa picha ya kwanza, pale jina la mtumiaji linapoombwa, au pale mtu anapoweza kufungua waraka na kuandika sentensi? Watengenezaji wengi wa mifumo wamepunguza muda wa kufika kwenye kioo kizuri kwa kuziahirisha kazi, hivyo mtumiaji huona picha mapema lakini akibonyeza hajibiwi. Huo ni uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Utaratibu unaofaa ni kuandika alama nne. Alama ya kwanza ni sifuri, yaani wakati kitufe kinapobonyezwa. Ya pili ni pale programu ya ubao mama inapomaliza ukaguzi wake na kuukabidhi mfumo wa uendeshaji kazi. Ya tatu ni kuonekana kwa eneokazi. Ya nne, ambayo ndiyo yenye maana kwa mtumiaji, ni kufunguka kwa waraka uleule uliochaguliwa mapema, huku taa ya diski ikiwa imetulia. Zoezi lirudiwe mara tano, kila mara kompyuta ikiwa imezimwa kabisa kwa muda unaolingana.

Neno “kabisa” lina uzito. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, kuzima kwa kawaida huhifadhi sehemu ya mfumo katika diski ili irudishwe haraka baadaye. Anayezima na kuwasha hapimi safari nzima; anayechagua kuanzisha upya ndiye huipima. Watu wawili wanaweza kupima kompyuta moja, wakapata majibu mawili, na wote wakawa wakweli.

Baada ya kupima huja hesabu. Chukuliwe mfano wa kubuni wa kompyuta iliyotoa sekunde 71, 68, 70, 69 na 112. Wastani wake ni 78, nambari ambayo haikutokea hata mara moja na wala haikaribii mara nne kati ya tano. Thamani ya katikati, zikipangwa kwa ukubwa, ni 70, nayo inaeleza vizuri zaidi hali ya kawaida. Lakini ile 112 isifutwe. Thamani ya katikati inajibu swali la “kwa kawaida ikoje?”, na ile iliyotoka nje ya kundi inauliza “siku ile palikuwa na nini?” Kama itakavyoonekana, swali la pili huweza kuokoa utafiti mzima.

Kwa nini diski ya sahani huchelewesha kuwaka kiasi hicho? Tuchukulie kwamba mfumo unahitaji kusoma megabaiti 200 ili uwe tayari. Zikiwa zimepangwa mfululizo, diski ya megabaiti 50 kwa sekunde itazimaliza kwa sekunde 4. Zikiwa zimetawanyika katika vipande 8,000, na kila kipande kikigharimu milisekunde 13.2, kutafuta peke yake kutachukua sekunde 105 na zaidi, na jumla itakaribia 110. Anayenunua diski yenye mtiririko maradufu ataokoa sekunde 2. Anayepunguza kutafuta na kutawanyika ataokoa dakika nzima.

Wahandisi wa mifumo waliliona jambo hili mapema. Microsoft ilipokuwa ikitengeneza Windows XP, iliyotoka mwaka 2001, ilijiwekea lengo la kompyuta kuwaka kwa sekunde 30, na ikatumia mbinu ya kukumbuka faili zinazohitajika wakati wa kuwaka ili zisomwe kwa mpangilio. Mwaka 2004, kufuatia changamoto iliyotolewa na Owen Taylor wa mradi wa Fedora, Ziga Mahkovic alitoa programu ya bootchart, inayochora kila kazi inayofanyika tangu Linaksi inapoanza na kuonyesha ni wakati gani kichakato kinafanya kazi na ni wakati gani kinaingoja diski. Michoro hiyo ilidhihirisha jambo lililokuwa likishukiwa: sehemu kubwa ya kuwaka ilikuwa kungoja. Mwaka 2008, Arjan van de Ven na Auke Kok wa kampuni ya Intel walionyesha kompyuta ndogo ya Eee PC ikiwaka na Linaksi kwa sekunde 5. Hawakuuliza ni wapi pa kupunguza. Walianza na bajeti ya sekunde tano na kuigawa kwa kila hatua. Kompyuta hiyo haikuwa na sahani. Ilikuwa na hifadhi ya flashi.

Hifadhi za flashi hazina mkono wa kuhamisha wala mzunguko wa kungoja. Kufikia data popote huchukua takriban sehemu ya kumi ya milisekunde. Katika mfano uliotangulia, vipande 8,000 vingechukua chini ya sekunde 1 badala ya 105, na muda unaobaki ungekuwa wa kichakato na ubao mama. Kwa sababu hiyo, kompyuta kuukuu iliyobadilishiwa hifadhi huonekana kama imezaliwa upya, ilhali ile iliyoongezewa kichakato peke yake huendelea kungoja.

6. Diski Inapochelewa Kuamka

Ndani ya muda wa kuwaka umefichika muda mwingine, nao ni wa mota kuamka. Umeme unapoingia, sahani zimesimama. Mota huzivuta mpaka zifikie mzunguko kamili, mkono hushuka kutoka maegesho yake, diski husoma maelekezo yake yenyewe kutoka sehemu maalumu ya sahani, kisha hutangaza kuwa iko tayari. Diski ya mezani huchukua takriban sekunde 10. Ile ndogo ya kompyuta ya mkononi huchukua pungufu. Kuamka huku ni kazi nzito: diski ya mezani huweza kuvuta ampea 2 kwenye waya wa volti 12, yaani wati 24, ilhali ikishazunguka hutosheka na takriban theluthi ya hizo. Ndiyo maana seva zenye diski nyingi huziamsha moja baada ya nyingine, na ndiyo maana kisanduku cha umeme kilichochoka huweza kuifanya diski nzima ionekane mbovu.

Diski hujiandikia kumbukumbu ya afya yake kwa mfumo uitwao SMART. Programu kama smartctl huzisoma kumbukumbu hizo. Namba 3 huonyesha muda wa mota kuamka, namba 10 huhesabu mara ambazo mota ililazimika kujaribu tena, namba 5 huhesabu sekta zilizokufa na kuhamishwa, namba 9 huonyesha saa za kazi tangu diski ilipotengenezwa, na namba 197 huhesabu sekta zenye mashaka. Mnunuzi wa kompyuta iliyotumika anayezisoma namba hizi tano kabla ya kutoa fedha anajua mambo ambayo rangi ya kasha haiwezi kumwambia.

Hata hivyo SMART si mganga wa ramli. Mwaka 2007, watafiti wa Google, Pinheiro, Weber na Barroso, walichapisha uchunguzi wa diski zaidi ya 100,000. Waligundua kwamba diski iliyoonyesha kosa la kwanza la ukaguzi wa uso ilikuwa na uwezekano mara 39 zaidi wa kufa ndani ya siku 60 kuliko zile zisizo na kosa hilo. Lakini waligundua pia kwamba zaidi ya thuluthi moja ya diski zilizokufa hazikuwa zimetoa ishara yoyote. Funzo lake ni la pande mbili: ishara ikionekana, data inakiliwe siku hiyohiyo, ishara isipoonekana, data inakiliwe vilevile.

Hapa ndipo ile sekunde 112 inaporudi. Yawezekana ilikuwa masahihisho ya programu tu. Yawezekana pia ilikuwa mota iliyojaribu mara mbili, au sekta iliyosomwa mara nyingi kabla ya kukubali. Asiye na rekodi ya vipimo vya nyuma hawezi kutofautisha. Aliyenayo atafungua kumbukumbu za SMART na kujua.

7. Mazingira ya Kazi

Vipimo vya kiwandani hufanywa katika chumba tulivu. Wamunyu ni mahali pa kazi ya mikono, penye vumbi la mti, joto la mchana na tezo zinazopiga. Jambo hilo la mwisho lina uzito kuliko linavyodhaniwa. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 2000, inchi moja ya sahani ilibeba njia zaidi ya 100,000, yaani kila njia ilikuwa na upana usiofika nanomita 254. Mtikisiko mdogo hukitoa kichwa njiani, na diski hulazimika kungoja mzunguko mwingine. Mwishoni mwa mwaka 2008, Brendan Gregg wa Sun Microsystems alionyesha katika video kwamba kuzipigia kelele diski za seva kwa sauti ya mdomo tu kulizidisha kwa dhahiri muda wa kujibu.

Ikiwa sauti ya mtu hutosha, meza inayotumika kuchongea haiwezi kuwa pahali pa kompyuta. Upimaji wake hauhitaji maabara: programu ya maombi yasiyo na mpangilio iendeshwe dakika chache wakati kazi imesimama, kisha iendeshwe tena wakati tezo na patasi zinafanya kazi. Nambari mbili zikiachana sana, jibu limepatikana, na dawa yake ni meza nyingine. Vumbi nalo haliingii kirahisi katika diski, kwa kuwa tundu lake la hewa lina kichujio, ila huziba feni na kuongeza joto. Kukatika kwa umeme huongeza idadi ya kuamka kwa mota, na huweza kuacha faili iliyoandikwa nusu. Mtafiti mwenye kompyuta ya mezani asiihesabu betri ya dharura kuwa anasa.

8. Suala la Istilahi

Wasomaji wa jarida hili watakuwa wameona kwamba mkanganyiko mwingi ulioelezwa hapo juu huanzia katika neno “kasi”. Neno hilo hutumika kwa mzunguko wa sahani, wepesi wa mkono, wingi wa mtiririko na ufupi wa kuwaka. Kiswahili hakikosi maneno. Kinachokosekana ni kuyagawia kazi. “Mwendo” unaweza kuachiwa mzunguko wa mota. “Ukawiaji”, kutokana na kitenzi kukawia, unafaa kwa muda kati ya ombi na jibu. “Mtiririko” unafaa kwa wingi wa data kwa sekunde. “Kuamka” kuwe kwa mota, na “kuwaka” kwa kompyuta nzima.

Kazi ya kuipa tarakilishi lugha ya Kiswahili ina historia. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, na kabla ya kutafsiri programu wataalamu wake walilazimika kukubaliana juu ya maneno. Kazi hiyo ilishughulikia yale yanayoonekana kwenye kioo: faili, hifadhi, fungua, chapisha. Msamiati wa kupima, kukagua na kutengeneza umebaki midomoni mwa mafundi, nusu Kiswahili nusu Kiingereza. Mteja anayeambiwa jambo asilolielewa hawezi kuuliza swali la pili, na asiyeweza kuuliza swali la pili hulipa bei aliyotajiwa.

9. Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba utendaji wa diski kuu hauwezi kusemwa kwa nambari moja. Kuna kutafuta, kuna kungoja na kuna mtiririko, na katika kuwaka kwa kompyuta mawili ya kwanza ndiyo hutawala. Yameeleza pia kwamba muda wa kuwaka hauna maana mpaka mwanzo na mwisho wake vifafanuliwe, vipimo virudiwe, na kile kilichotoka nje ya kundi kichunguzwe badala ya kufutwa.

Kwa mtafiti wa nyanjani, mambo hayo yanaweza kufupishwa kuwa desturi tatu. Aandike katika daftari muda wa kuwaka wa kompyuta yake siku anapoinunua, kisha mara moja kila mwezi, pamoja na zile namba tano za SMART. Asiinunue kompyuta iliyotumika kabla diski yake haijapimwa mbele yake. Na kila rekodi inayotoka nyanjani iwe na nakala mbili katika vyombo viwili vinavyokaa mahali pawili, kabla hata haijanukuliwa. Mchongaji hugonga na kukagua gogo kabla ya kuanza kuchonga, kwa kuwa ufa ulio ndani hauonekani kwa nje na kazi ya wiki nzima huweza kupasuka mkononi. Diski nayo ina nyufa zake. Tofauti ni kwamba zake husikika kwa saa na daftari.